Utepe wa Maji Kwenye Bomba la Moto

Habari ya kifo chake ilinikuta Salamabila, nimesimama chini ya kibaraza cha duka la vipuri nikingoja mvua ipungue. Motari mmoja aliyekuwa akitoka Kasongo, mtu tuliyezoeana kwa safari nyingi, aliegemeza pikipiki yake ukutani, akavua koti lake la plastiki, akaniambia kwamba yule mama mwenye boti amefia mtoni. Nikamuuliza kama boti lake lilizama. Akasema hapana, halikuzama, na wala halikuwa lake. Alifia ndani ya boti la mtu mwingine, kwa ugonjwa wa moyo, ndivyo wanavyosema bandarini. Nilimjua mama yule miaka mingi, nimemwona akipakua magunia ya mchele pamoja na wapagazi wake na kuwaacha wakihema, na sikuwahi kusikia habari ya moyo. Mvua ilipokatika nikakodi pikipiki ya motari huyohuyo tukageuza njia. Barabara ya Salamabila hadi Kasongo wasomaji wangu wa Maniema mnaijua, inampa mtu nafasi ya kulia mpaka machozi yaishe. Mimi sikulia. Kila tuliposhuka kusukuma pikipiki kwenye tope nilikuwa nikijiuliza swali lile lile, na tulipofika Kasongo hasira ilikuwa imekwisha kuchukua nafasi ya msiba.

Sitamtaja jina, kama ilivyo kawaida ya safu hii. Alizaliwa upande wa Kabambare katika familia ya wakulima, na mpaka mwisho alipokasirika sana alihesabu magunia yake kwa Kibangubangu. Aliolewa Kasongo. Mume wake alikwenda Kindu kutafuta kazi, akapata kazi na mke mwingine, asirudi. Yeye akaendelea kuuza mchele, kisha akanunua balenieri, yale maboti marefu ya mbao yenye injini ya dizeli nyuma, yanayoshuka Lualaba kuelekea Kibombo yakiwa yamebeba watu, mchele, mafuta ya mawese, mbuzi na magodoro. Sikuwa rafiki yake. Nilikuwa abiria wake, na abiria mbishi, maana nauli tulikuwa tukigombana kila mara. Nilimwita Yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa huku kwetu, naye aliniita mwandishi kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa ngozi. Alikuwa mkali. Alisema haraka, alisikiliza kidogo, na akishaamua jambo hakuna aliyemgeuza. Nayasema haya mapema kwa sababu kwenye matanga nilisikia watu wakimwita mpole, na uongo huo nao ulinikera.

Siku iliyombadilisha nilikuwepo. Tulikuwa tunashuka mto, boti limejaa, mvua ikaja ghafla. Wafanyakazi wake wakateremsha maturubai pande zote wakayafunga kwa kamba, kama wanavyofanya wote, ili mizigo isilowane. Ndani kukawa giza na joto. Mimi nilikuwa mbele kabisa, karibu na upenyo ambapo mwenye ufito anasimama kupima kina cha maji, kwa hiyo sikusikia chochote mpaka kelele zilipoanza nyuma. Mama mmoja alikuwa anatapika. Mtoto wake alikuwa amelegea. Watu wengine wawili walishika vichwa vyao wakisema vinapasuka. Katikati yao alikaa mzee mmoja peke yake, amebeba kikapu kilichofunikwa kwa majani, na mara moja pakatokea mtu wa kusema kwamba tangu mzee huyo apande hali si nzuri. Kikapu chake kikafunuliwa. Kilikuwa na mizizi ya dawa na kuku. Hiyo ikatosha kumfanya mchawi. Wakataka ashushwe. Nilipaza sauti kutoka mbele kwamba hamna haki ya kumshusha mtu mzima mtoni katikati ya mvua, wakanijibu kwamba nikimpenda sana nishuke naye. Yaya, mwenye boti, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, na neno lake lilikuwa kwamba mzee ashuke.

Boti likasogezwa kwenye kisiwa cha mchanga. Maturubai yakafunguliwa ili mzee apite, injini ikazimwa, upepo ukaingia, na baada ya muda kidogo mama aliyekuwa akitapika akainua kichwa, mtoto akalia. Watu wakashangilia. Walikuwa wamepata ushahidi wao. Mzee alibaki amesimama mchangani na kikapu chake, boti likaondoka, maturubai yakafungwa tena kwa sababu mvua ilikuwa bado inanyesha. Hatukufika mbali. Mtoto yule akalegea upya, na safari hii Yaya mwenyewe, aliyekuwa amekaa juu ya magunia karibu na injini, akashika paji la uso. Nilimsikia akisema maneno ambayo sijayasahau, kwa sauti ya chini kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Muzee haiko tena humu, na kichwa iko inaniuma. Sasa mulozi ni nani?"

Aliamuru maturubai yakatwe, hakungoja kufunguliwa. Akaamuru boti ligeuzwe. Abiria walipiga kelele kwamba wamechelewa, kwamba mafuta yatakwisha, kwamba mzee atakuwa ameshageuka kitu kingine. Akawaambia anayeona haraka aogelee. Tulimkuta mzee amekaa palepale mchangani, amewafunika kuku wake kwa shati lake. Yaya akashuka, maji yakamfika magotini, akaenda mpaka alipo mzee, akapiga goti mbele yetu sote na kumwomba msamaha kwa sauti ambayo kila mmoja aliisikia. Mzee hakuwa mwepesi wa kusamehe, na sikumlaumu. Alisema atapanda, lakini atakaa mbele kwenye hewa, na mtu asimguse. Yaya akambebea kikapu.

Tulipofika kijiji cha kwanza alikataa kuendelea. Akafungua sanduku la mbao linalofunika injini akachungulia. Kwa msomaji asiyejua mambo haya, nieleze kidogo. Injini ya boti hutoa moshi kwa bomba la chuma linalopanda mpaka juu ya paa, ili moshi uende zake. Lakini bomba hilo halikutengenezwa kipande kimoja. Linatoka kwenye injini, linaingia kwenye kiwiko cha chuma, kiwiko kinaingia kwenye bomba jingine, na kila wanapokutana huwa na meno ya kuzungusha, hiki ndani ya kile, kama kifuniko cha chupa. Hapo kwenye meno ndipo panapovuja, pakifungwa vibaya. Na pale kwenye kiwiko cha Yaya palikuwa na masizi meusi yaliyotanuka kama wino uliomwagika, na katikati ya masizi mabaki ya utepe mweupe yaliyoungua, yakivunjika mkononi kama ngozi ya kitunguu. Ni ule utepe mwembamba ambao mafundi wa maji huuzungusha kwenye mabomba. Fundi wake alikuwa ameufunga hapo wiki chache nyuma, na yeye alikuwa amemlipa na kumshukuru. Turubai likiwa wazi, moshi uliovuja ulikuwa ukipeperushwa. Turubai likifungwa, tulikuwa tumekaa ndani ya bomba.

Aliporudi Kasongo hakumpigia mtu kelele, na hilo lenyewe lilikuwa jambo la kushangaza. Alikwenda kujifunza. Aliuliza madereva wa malori, aliuliza mafundi wa vinu vya mchele, akamfuata fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye meli za mto mpaka akamchosha. Safari iliyofuata nilimkuta bandarini amejipaka mafuta mpaka kwenye viwiko, anafunga bomba mwenyewe, na kwa kuwa nilikuwa na muda nilikaa kutazama. Alisugua meno ya chuma kwa brashi ya waya, ya ndani na ya nje, mpaka kutu yote ikatoka. Alizungusha kwanza kwa mkono mtupu kuona kama yanashikana sawasawa. Kisha akapaka dawa nzito nyeusi, ile inayovumilia moto, akiacha meno ya mwanzo bila kitu ili dawa isisukumwe ndani ya bomba. Akakaza kwa spana kubwa, taratibu, mpaka kiwiko kikaelekea alikotaka. Alipopitisha kidogo, nilidhani atarudisha nyuma tu. Akafungua chote, akafuta dawa yote, akaanza upya. Nilimuuliza kwa nini. Alisema ukirudisha nyuma umeshaipasua dawa, na itakuonyesha meno yake mbele ya safari. Halafu akafunga mkono wa chuma kutoka kwenye ubao hadi kwenye bomba, ili uzito wa bomba usining'inie kwenye kiwiko na kukitikisa siku nzima.

Na baada ya hapo alifanya kitu kilichowakasirisha watu kuliko yote. Aliacha. Aliiacha dawa ikauke siku nzima, abiria wakiwa na mizigo yao ukingoni wanamtukana, kisha akaiwasha injini bila mzigo, polepole, ipate joto, akaizima, ikapoa. Ndipo akazungushia kitambaa cheupe kwenye kila kiungo injini ikiunguruma. Kitambaa kikitoka safi, watu walipanda. Kikitoka na alama nyeusi, watu walirudi nyumbani. Nimeona watu wakimsihi, nimeona mfanyabiashara wa Salamabila akimtishia, nimeona padri akimbembeleza kwa sababu ya misa aliyokuwa akiiwahi. Jibu lilikuwa moja, dawa haiyakauka, na akaendelea kupanga magunia yake.

Kama angeishia kwenye boti lake, nadhani angekufa mzee na watu wangemsema tu kwamba ni mchelewaji. Lakini alianza kupanda maboti ya wenzake na kitambaa chake. Alikuwa anaingia nyuma bila kubisha hodi, anazungusha kitambaa kwenye bomba la mtu, anakiinua juu abiria wakione. Mnaweza kufikiria alivyopendwa. Wenye maboti walisema anawaharibia biashara. Mmoja wao, mwenye boti kubwa kuliko yote pale, lenye rangi ya samawati na spika za muziki mbele, alimkataza kukanyaga kwake. Boti hilo lilikuwa na viti vya plastiki, lilikuwa na bendera, na kila mwaka lilipakwa rangi upya. Kiwiko cha bomba lake kilikuwa kimefungwa kwa utepe mweupe.

Hapa nataka nisimame kidogo, maana jambo hili ni kubwa kuliko boti. Utepe ule si mbaya. Kwenye bomba la maji unafanya kazi yake vizuri, na anayeuuza hajamwibia mtu. Ubaya ni sisi kuuchukua na kuupeleka kwenye moto kwa sababu upo, kwa sababu ni mwepesi, kwa sababu siku ya kwanza unaziba. Siku ya kwanza! Sisi watu wa nchi hii tumejenga maisha yetu juu ya siku ya kwanza. Daraja linalopitika siku ya kuzinduliwa, paa la shule lisilovuja kabla ya mvua, kisima kinachotoa maji mpaka wageni waondoke. Nikiwa Salamabila nimeona pampu za dizeli zikiteremshwa mashimoni kunyonya maji, mabomba yake yamefungwa kwa utepe uleule au kwa kitambaa na waya, na wachimbaji wakiingia nyuma yake. Mtu akianguka humo chini wanasema ni hewa ya shimo, au ni mwenye shimo amemtoa mtu kafara ili dhahabu itoke. Wanatafuta kuku wa kuchinja. Hakuna anayeishika pampu. Tunao ujuzi mwingi wa kumtafuta mchawi, na uvivu mwingi wa kutazama kiwiko.

Sasa nieleze jinsi alivyokufa. Nimeyapata haya kutoka kwa mdogo wake, aliyekuwa pamoja naye, na kutoka kwa abiria waliokubali kusema. Mjomba wao alikuwa amefariki huko chini, upande wa Kibombo, na maziko hayakuweza kungoja. Boti la Yaya lilikuwa ukingoni. Kiwiko cha zamani kilikuwa kimeliwa na kutu, alikuwa ameweka kipya asubuhi ileile, na dawa ilikuwa mbichi. Mdogo wake alimsihi wachukue boti lao, maana ni maziko, na Mungu anaelewa. Yaya akasema Mungu anaelewa lakini dawa haielewi. Boti lililokuwa likiondoka ni lile la samawati. Mwenyewe alikuwepo, akamwona, akacheka, akasema leo mama wa kitambaa atapanda kwa mkorofi. Yaya akapanda, akakaa karibu na ukingo, akajifunika kitenge cha msiba. Hapo ndipo wenye maneno Kasongo wanaponena kwamba angechukua lake asingekufa. Nimeisikia sentensi hiyo sokoni, msikitini, kwenye duka la dawa, na kila mtu anaisema kama vile ameigundua yeye. Sentensi hiyo inamlaumu mtu pekee aliyekataa kuwaweka watu hatarini. Haimtaji aliyewaweka.

Mvua ilikuja. Maturubai yakafungwa. Baada ya muda Yaya aliona watu wanasinzia kwa namna asiyoipenda, na mama mmoja jirani yake akalalamika kichwa. Alisimama akamwambia mwenye boti asogee ukingoni. Akajibiwa kwamba karibu wanafika na kwamba mizigo ya watu italowana. Alisema mara ya pili. Akaambiwa akae, hapa si kwake. Basi akatoa kisu kwenye kikapu chake, akakata kamba za turubai upande wake, na abiria waliokuwa karibu wakamsaidia kulisukuma. Mwenye boti alikuja akipiga kelele juu ya magunia yake ya sukari yanayolowana. Wakati wanabishana, mdogo wake aliona mtu mmoja amelala nyuma kabisa, juu ya magunia yanayogusana na sanduku la injini. Alikuwa mchimbaji, mtu mzima, aliyekuwa anatoka Salamabila kurudi kwao. Alikuwa amechagua pale kwa sababu pana joto. Walimtikisa, hakuamka. Yaya akasema injini izimwe. Mwenye boti akasema kwenye mkondo ule haizimwi, boti litapigwa na mawe. Huenda alisema kweli, lakini hakusogea pia kwenda ukingoni.

Yaya akawageukia abiria. Aliwaambia wawili wamvute mchimbaji kwa miguu, naye akainama akaingia ndani ya sanduku la injini, mahali ambapo moshi ulikuwa umejaa tangu mvua ilipoanza, akitafuta mkono wa kuzimia injini. Mdogo wake anasema alisikia anakohoa, kisha akasikia injini inakata. Boti likageuka upande, mto ukalichukua, likakwama kwenye mchanga bila kugusa jiwe lolote. Watu wakaruka majini. Ilichukua muda kabla mtu hajauliza Yaya yuko wapi. Walimkuta amepiga magoti, shavu limeegemea chuma, mkono bado uko pale kwenye kizimio. Walimlaza mchangani kwenye mvua wakampepea, wakamsukuma kifua, wakamwita kwa majina yake yote. Mchimbaji alifungua macho. Yeye hakufungua.

Nilifika matanga yakiwa yamekaa. Uani palikuwa pamefungwa turubai, wanawake wa kanisa wanaimba, majirani Waislamu wamekuja wamekaa upande mmoja kimya. Mbele, kwenye viti vya heshima, alikuwa mwenye boti. Alikuwa ameleta mchele na sukari, ile ile aliyoilinda, na alikuwa amepewa nafasi ya kusema. Alisema mama alikuwa shujaa wa mto, kwamba alikuwa na moyo, kwamba Mungu amemwita, na kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Afisa wa bandari, ambaye hakwenda kulitazama boti hata kwa mbali, alikuwa ameshakubali kwamba ni moyo. Wazee wa familia waliitikia kwa vichwa. Mimi nikasimama nikauliza, kwa adabu yote niliyobakiza, bomba la moshi la boti lile limefungwa kwa kitu gani. Nikaambiwa pale ni msibani. Nikasema ndiyo, ndiyo maana nauliza. Mzee mmoja akanishika bega kunikalisha.

Ndipo mtu akainuka kutoka nyuma, karibu na mlango wa ua. Sikuwa namjua. Nguo zake zilikuwa bado na rangi ya udongo wa Salamabila. Alisema yeye si wa familia, na wala si wa dini ya marehemu, na anaomba radhi.

"Mimi ndiye nililala pale nyuma," alisema. "Ule mama hakukufa na moyo. Moshi ilimuua, na ni mimi moshi ilikuwa inaua kwanza. Musimutie Mungu ndani ya hii."

Wimbo mwingine ukaanzishwa haraka haraka. Mwenye boti alikunja mikono yake, akatazama viatu vyake, akakaa mpaka chakula kikaletwa, akala.

Tulimzika kesho yake. Siku iliyofuata maziko mdogo wake aliniomba tushuke naye bandarini, na mchimbaji yule akaja pia. Boti la samawati lilikuwa linapakia. Tuliingia nyuma, na hakuna aliyetuzuia, maana hata mwenye boti aliona haya kumfukuza mfiwa. Kiwiko kilikuwa vilevile. Utepe wa zamani ulikuwa umeungua ukawa kahawia, na juu yake alikuwa ameongeza mwingine, mpya, mweupe, unang'aa. Mdogo wake Yaya alikuwa amekuja na kopo la dawa nyeusi na brashi ya waya kwenye mfuko. Alimwambia mwenye boti kwamba hataki chochote, hataki fidia wala maneno. Ampe leo na kesho asubuhi, atafunga bomba hilo mwenyewe kama dada yake alivyomfundisha, kisha aende zake. Sikuwahi kuona mtu akimwomba aliyemwua ndugu yake ruhusa ya kumfanyia wema. Mwenye boti alitazama ukingo, akatazama watu waliokuwa wamejipanga na mizigo.

"Watu iko wanangoja," alisema. "Tutafanya hiyo safari ingine."

Nilitegemea hilo kutoka kwake. Nisichokitegemea ni watu. Mdogo wake aligeuka akawaambia abiria, kwa sauti iliyokuwa inakatika, jinsi dada yake alivyokufa na wapi. Walimsikiliza. Walimpa pole, na pole zao zilikuwa za kweli, wanawake wawili walilia. Kisha wakaanza kupanda. Mmoja alimwomba asogee kidogo, maana alikuwa amesimama kwenye ubao wa kupandia. Boti la Yaya lilikuwa palepale pembeni, dawa yake imeshakauka, lingeondoka asubuhi baada ya injini kupashwa moto, na hakuna aliyehamia huko isipokuwa mchimbaji, aliyekaa kwenye mchanga akasema atangoja. Aliyeua alikuwa anaondoka leo. Ndivyo ilivyokuwa, na nilipotazama spika zikiwashwa nilijua kwamba ghadhabu yangu nilikuwa nimeielekeza kwa mtu mmoja wakati wenye hatia walikuwa wanapita mbele yangu na magodoro vichwani.

Kuna wakaguzi wanaopaswa kulisimamisha boti kama lile, na wanalipwa kwa kazi hiyo. Wanapanda, wanatazama karatasi, wanashuka. Nitawaandika mpaka wachoke. Lakini mwenye boti hana haja ya mkaguzi mbaya kama ana abiria wema kama sisi. Anachohitaji ni watu wanaojua na wanaopanda. Nilimsimamisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa amesikia kila neno, aliyekuwa bado anajifuta machozi. Nikamuuliza anapandaje.

"Tutafanya nini, Papa?" alinijibu.

Alikuwa ananiuliza kwa heshima, na alistahili nimjibu kwa heshima, ila boti lilikuwa linapiga honi na akapita. Kwa hiyo namjibu hapa, na ninyi mliozoea kuuliza swali hilo mbele ya kila kitu kinachotuua, sikilizeni. Tutashuka, Mama. Tutateremsha magodoro yetu, tutakaa mchangani, tutachelewa harusi na maziko na soko. Mwenye boti ataliangalia boti lake tupu, na siku hiyo, bila padri, bila afisa na bila mwandishi, atatafuta brashi ya waya.